Namna ya kukokotoa votisiti katika tabaka la mpaka karibu na ukuta

Maji au hewa inapopita kando ya ukuta mgumu, ile sehemu inayougusa ukuta haisogei hata kidogo, ilhali milimita chache juu yake mkondo unakwenda kwa kasi yake yote. Kati ya utulivu huo na mbio hizo kuna utando mwembamba ambamo kasi hupanda kutoka sifuri hadi kasi kamili. Mwaka 1904, katika kongamano la wanahisabati lililofanyika Heidelberg, Ujerumani, Ludwig Prandtl alieleza kwamba athari za mnato hukusanyika ndani ya utando huo, na kwamba nje yake mkondo unaweza kukokotolewa kana kwamba mnato haupo. Utando huo ndio tunaouita tabaka la mpaka.

Mwongozo huu unahusu jambo moja lililomo katika tabaka hilo, nalo ni votisiti, yaani kipimo cha jinsi kila chembe ya fluidi inavyojizungusha yenyewe pale ilipo. (Kwa neno fluidi ninakusudia vimiminika na gesi kwa pamoja.) Ninamwandikia mwanafunzi wa uhandisi au fizikia, pamoja na yeyote mwenye vipimo vya kasi mkononi au matokeo ya programu ya kukokotoa mitiririko, ambaye anataka kujua votisiti ni kiasi gani, iko wapi, na ilitoka wapi. Swali hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu wengi wetu tulianza masomo haya tukiamini kwamba msuguano wa ukuta huzalisha votisiti mpya katika kila sentimita ya ukuta. Imani hiyo si sahihi, na anayeingia nayo katika hesabu hutoka na majibu asiyoweza kuyaeleza.

Hatua ya kwanza: elewa ni kitu gani kinachozunguka

Fikiria kipande kidogo cha hewa chenye umbo la mraba, kikiwa nusu milimita juu ya bamba bapa, huku mkondo ukienda kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wake wa juu unavutwa na hewa iendayo kasi zaidi, na upande wake wa chini unacheleweshwa na hewa iliyo karibu na ukuta. Kipande hicho kinasonga mbele katika mstari ulionyooka, lakini wakati huohuo kinapinda umbo na kujizungusha kama saa inavyozunguka. Kwa hiyo votisiti haihitaji kisulisuli chochote kinachoonekana kwa macho. Mkondo ulionyooka kabisa na ulio tulivu kabisa unaweza kuwa umejaa votisiti, na tabaka la mpaka ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Kinyume chake pia ni kweli: maji yanayozunguka tundu la kutolea maji huweza kuzunguka kwa nguvu huku sehemu kubwa ya nje ya mzunguko huo ikiwa karibu haina votisiti, kwa kuwa kila chembe inazunguka tundu bila kujizungusha yenyewe.

Ukubwa wa votisiti ni mara mbili ya kasi ambayo kipande hicho kinajizungusha, na kizio chake ni moja kwa sekunde. Uzoefu umenifundisha kwamba anayeruka hatua hii ili afike haraka kwenye fomula hurudi kuisoma baadaye, akiwa amekwama.

Hatua ya pili: weka mihimili na alama

Mhimili wa x ulale juu ya ukuta kuelekea mkondo unakokwenda, na mhimili wa y usimame wima kutoka ukutani. Kasi ya kuelekea x ni u, ya kuelekea y ni v, na kasi ya mkondo ulio nje ya tabaka ni U. Votisiti katika mkondo wa pande mbili ni ω = ∂v/∂x − ∂u/∂y, yaani badiliko la v kwa kila hatua ya x, ukitoa badiliko la u kwa kila hatua ya y. Ndani ya tabaka la mpaka v ni ndogo sana na hubadilika polepole ukienda na mkondo, wakati u hubadilika ghafla ukipanda kutoka ukutani, hivyo sehemu ya kwanza huachwa na tunabaki na ω = −∂u/∂y. Alama ya kutoa inasema tu kwamba mzunguko unafuata mwelekeo wa saa. Katika mifano inayofuata nitataja ukubwa wake bila alama, isipokuwa pale alama inapobeba maana, na hapo nitasema wazi.

Ukutani penyewe jambo hili linagusana na nguvu. Mkazo wa msuguano juu ya ukuta ni mnato ukizidishwa kwa ∂u/∂y, kwa hiyo mkazo huo ni mnato ukizidishwa kwa ukubwa wa votisiti ya ukutani. Ukiipata mojawapo, umeipata na nyingine.

Hatua ya tatu: hakikisha mkondo ni tulivu, kisha tafuta kizio cha unene

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao karibu hadi mwisho: hewa ya joto la kawaida, yenye mnato wa kinematiki ν (yaani mnato uliogawanywa kwa densiti) wa mita za mraba 0.000015 kwa sekunde na densiti ya kilogramu 1.2 kwa mita ya ujazo, inapita juu ya bamba bapa laini kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, nasi tunataka kujua hali ilivyo mahali palipo mita 0.5 kutoka ukingo wa mbele wa bamba.

Namba ya Reynolds ya mahali hapo ni U mara x, ikigawanywa kwa ν, nayo ni takribani 333,000. Juu ya bamba laini, mkondo kwa kawaida huanza kuvurugika namba hiyo inapokaribia 500,000, ingawa bamba lenye mikwaruzo au mkondo wenye misukosuko huvurugika mapema zaidi. Kwa hiyo bado tuko katika eneo la mtiririko tulivu.

Sasa kokotoa urefu √(νx/U). Kwa namba zetu ni milimita 0.866. Urefu huu ndio rula ya kazi nzima, na una maana ya kimaumbile inayofaa kukumbukwa. Hewa ya nje hutumia sekunde 0.05 kusafiri kutoka ukingo wa mbele hadi hapa, na katika muda t mnato husambaza votisiti kutoka ukutani hadi umbali wa kiasi cha √(νt). Ukiweka sekunde 0.05 katika fomula hiyo utapata milimita 0.866 zilezile. Tabaka la mpaka, basi, ni umbali ambao votisiti imefaulu kusambaa kabla mkondo haujaibeba na kuipitisha mbele. Unene wa tabaka, ukihesabiwa hadi pale kasi inapofikia asilimia 99 ya U, ni kama mara tano ya rula hiyo, yaani milimita 4.3 hivi.

Hatua ya nne: jaza jedwali

Mwaka 1908, Heinrich Blasius, mwanafunzi wa Prandtl huko Göttingen, alitatua mlinganyo wa tabaka hili juu ya bamba bapa. Suluhisho lake halina fomula fupi, bali lina namba ambazo zimekokotolewa na kuhakikiwa mara nyingi mno. Namba moja inatosha kwa ukutani: votisiti ya hapo ni 0.332 mara U, ikigawanywa kwa ile rula. Kwa mfano wetu inatoka takribani 3,835 kwa sekunde. Nusu yake ndiyo kasi ya kujizungusha, ambayo ni kama mizunguko 305 kila sekunde, katika hewa ambayo ukiitazama ungeapa imetulia.

Hili ndilo jedwali lote, likipanda kutoka ukutani kwa hatua za milimita 0.866. Namba ya kwanza ni urefu kutoka ukutani, ya pili ni kasi kwa mita kwa sekunde, na ya tatu ni ukubwa wa votisiti kwa sekunde.

Milimita 0: kasi 0, votisiti 3,835.
Milimita 0.87: kasi 3.30, votisiti 3,730.
Milimita 1.73: kasi 6.30, votisiti 3,081.
Milimita 2.60: kasi 8.46, votisiti 1,864.
Milimita 3.46: kasi 9.56, votisiti 741.
Milimita 4.33: kasi 9.92, votisiti 184.
Milimita 5.20: kasi 9.99, votisiti 28.

Usipite haraka hapa. Linganisha mistari miwili ya kwanza: ukipanda karibu milimita nzima kutoka ukutani, votisiti inapungua kwa chini ya asilimia tatu. Kisha inaanguka kwa kasi kati ya milimita 1.7 na 3.5, na baada ya milimita tano karibu imekwisha. Huo utambarare wa karibu na ukuta si sadfa, na tutaurudia katika hatua ya sita.

Hatua ya tano: fanya jumla mbili

Zidisha kila votisiti kwa hatua ya milimita 0.866, yaani mita 0.000866, ukichukua nusu ya thamani ya kwanza na nusu ya thamani ya mwisho, kisha ujumlishe. Jibu ni mita 9.99 kwa sekunde. Hiyo ni U yenyewe, na lazima iwe hivyo, kwa kuwa kujumlisha mabadiliko ya kasi kuanzia ukutani hadi nje kunatoa tofauti ya kasi kati ya ukuta na nje. Kila mita ya ukuta, basi, ina votisiti ambayo jumla yake imewekwa na kasi ya nje pekee. Mnato haumo katika jumla hiyo. Ukiuongeza mnato mara kumi, tabaka litanenepa na votisiti ya ukutani itashuka, lakini jumla itabaki ileile 10.

Jumla ya pili hupuuzwa na wengi, nami naona ndiyo yenye manufaa zaidi. Zidisha votisiti ya kila mstari kwa kasi ya mstari huohuo kabla ya kujumlisha. Unachopata ni kiasi cha votisiti kinachobebwa na mkondo kupita mahali hapo kila sekunde. Jibu halisi ni U²/2, ambalo hapa ni 50. Kwa hatua zetu kubwa utapata 49 hivi, na pengo hilo dogo linatokana na ukubwa wa hatua tu. Ukizipunguza hatua nusu, pengo litapungua pia.

Neno la tahadhari linahitajika hapa. Ikiwa uliipata votisiti yako kwa kutoa kasi ya nukta moja katika kasi ya nukta inayofuata, jumla ya kwanza itatoka sawa daima hata kama vipimo vyako vina makosa, kwa sababu unazijumlisha tena tofauti zilezile ulizozitoa. Jumla hizi ni mtihani wa kweli pale tu votisiti ilipopatikana kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kulainisha data kwa mkunjo, au kutoka katika programu inayoikokotoa peke yake. Kwa data ghafi mtihani ni mwingine, nao umo katika hatua ya nane.

Hatua ya sita: uliza votisiti ilitoka wapi

Rudia hesabu yote mahali palipo mita 0.125 tu kutoka ukingo wa mbele. Unene ni nusu, milimita 2.2 hivi, na votisiti ya ukutani ni mara mbili, 7,670 kwa sekunde. Jumla ya kwanza? Ni 10. Jumla ya pili? Ni 50. Kati ya mita 0.125 na mita 0.5 hewa imekuwa ikisuguana na bamba wakati wote, nguvu ya msuguano imekuwa ikilivuta bamba wakati wote, na bado kiasi cha votisiti kinachopita hakijaongezeka hata kidogo. Ileile iliyokuwa imesongamana katika utando wa milimita mbili imetandazwa katika utando wa milimita nne.

Kwa maneno mengine, ukuta huu haujatoa votisiti yoyote njiani. Yote iliingia pale kwenye ukingo wa mbele, mahali hewa ilipokutana na bamba kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo imekuwa ikibebwa na kusambazwa tu. Ndiyo sababu votisiti ni tambarare karibu na ukuta katika jedwali letu. Kitu kinachosambaa hutoka penye kingi kwenda penye kidogo, kwa hiyo kama ukuta ungekuwa unatoa votisiti, mchoro wake ungekuwa umeinama kuanzia ukutani penyewe. Haukuinama, maana yake hakuna kinachotoka.

Hapa ndipo penye maarifa ninayotaka msomaji ayashike kuliko mengine yote. Mkazo wa msuguano unakuambia votisiti ya ukutani ni nyingi kiasi gani, lakini haukuambii ukuta unatoa kiasi gani. Wingi na utoaji ni mambo mawili, kama vile kina cha maji katika tangi kisivyokuambia kama bomba limefunguliwa. Anayeitazama ramani ya rangi ya votisiti na kuona ukanda mwekundu ukutani hana haki ya kusema kwamba hapo ndipo votisiti inapozaliwa.

Hatua ya saba: leta shinikizo

Kinachofungua bomba ni badiliko la shinikizo kando ya ukuta. Ukutani fluidi haisogei, kwa hiyo katika mlinganyo wa mwendo yanabaki mambo mawili tu yanayolazimika kulingana: msukumo wa shinikizo na mvuto wa mnato. Kutokana na hilo tunapata kwamba mnato wa kinematiki ukizidishwa kwa ∂²u/∂y² ya ukutani ni sawa na badiliko la shinikizo kwa kila mita ya x, likigawanywa kwa densiti. Upande wa kushoto ndio utoaji wa votisiti kutoka ukutani. Mwaka 1963 James Lighthill aliueleza ukuta kwa namna hii, kama chanzo cha votisiti kinachoongozwa na shinikizo, na tangu hapo mtazamo huu umerahisisha mambo mengi yaliyoonekana kuwa mafumbo.

Pale shinikizo linaposhuka kuelekea mbele, mkondo wa nje unaongeza kasi, U²/2 inakua, na ukuta unatoa votisiti ya alama ileile iliyokuwapo. Pale shinikizo linapopanda, mkondo wa nje unapunguza kasi, na ukuta unaanza kutoa votisiti ya alama ya kinyume, ambayo inaila ile ya zamani kuanzia chini. Hapo kilele cha votisiti hakiwi tena ukutani. Kinanyanyuka na kuelea juu yake kidogo.

Tuweke namba. Baada ya mita 0.5, bamba letu linaingia katika sehemu ambamo kasi ya nje inashuka kutoka mita 10 hadi mita 9.6 kwa sekunde katika umbali wa mita 0.2. Kiasi kinachobebwa kilikuwa 50; sasa kinapaswa kuwa 9.6 mara 9.6 kugawanya kwa mbili, yaani 46.08. Tofauti, 3.92, ndiyo votisiti ya kinyume ambayo ukuta umeingiza. Hakiki kwa njia ya pili: kasi ya wastani 9.8, ikizidishwa kwa mshuko wa kasi wa 2 kwa sekunde, inatoa 19.6 kwa kila mita ya ukuta, na kwa mita 0.2 inakuwa 3.92. Njia mbili zimekutana, nami huwa siendelei mbele kabla hazijakutana.

Shinikizo likiendelea kupanda, votisiti ya ukutani hufika sifuri, mkazo wa msuguano hutoweka, na tabaka hubanduka: votisiti yote iliyokuwa imelala juu ya ukuta hunyanyuka na kwenda zake ndani ya mkondo, ambako hujikunja na kuwa visulisuli vikubwa. Ili kujua mapema kama uko karibu na hapo, tumia kipimo alichokitoa Bryan Thwaites mwaka 1949. Chukua unene wa momenta, yaani unene unaopima momenta ambayo mkondo umepoteza ndani ya tabaka, ambao kwa bamba bapa ni 0.664 mara ile rula, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa ν, kisha uzidishe kwa badiliko la kasi ya nje kwa kila mita. Tabaka tulivu hubanduka jibu linapofika karibu −0.09. Kwa mfano wetu unene huo ni milimita 0.575, badiliko la kasi ni −2 kwa sekunde, na jibu ni −0.044 pale sehemu hiyo inapoanzia, yaani kama nusu ya njia kuelekea kubanduka. Unene huendelea kukua kadiri unavyokwenda mbele, kwa hiyo rudia hesabu kila baada ya sentimita chache badala ya kuridhika na jibu la kwanza.

Hatua ya nane: kutoka kwenye vipimo hadi votisiti ya ukutani

Kosa linalosumbua zaidi maabarani ni kutojua ukuta uko wapi hasa. Chukua mfano wetu wa bamba bapa. Kipimo cha kasi kinaonyesha mita 1.15 kwa sekunde pale rula ya chombo inaposoma milimita 0.4, na mita 2.30 pale inaposoma milimita 0.7. Ukigawanya nukta ya kwanza, kasi kwa urefu, unapata 2,875 kwa sekunde; ukigawanya ya pili, 3,290. Majibu hayo mawili hayapatani, na yote mawili si sahihi. Lakini ukichukua tofauti ya kasi kati ya nukta hizo na kuigawanya kwa tofauti ya urefu, yaani 1.15 kwa milimita 0.3, unapata 3,830, ambalo ndilo jibu. Ukiuvuta mstari unaopita katika nukta hizo chini hadi kasi iwe sifuri, unafika kwenye milimita 0.1: huko ndiko ukuta ulipo, na rula ya chombo ilikuwa imekosea kwa unene wa karatasi. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kosa katika hesabu zangu kabla sijachora mstari huo mmoja, na tangu hapo ndio ninaouchora kwanza.

Fanya hivyo kwa nukta zilizo ndani ya sehemu ya chini tu, ambamo kasi inapanda kwa mstari ulionyooka. Anayetumia waya wa moto, yaani waya uliopashwa joto unaopima kasi kwa jinsi mkondo unavyoupoza, ajue pia kwamba karibu sana na ukuta waya hupoteza joto kwenye ukuta wenyewe, ukasoma kasi kubwa kuliko iliyopo. Nukta za chini kabisa zinazopinda kwenda juu bila sababu ziachwe.

Kuhusu fomula, wengi hudhani kwamba yenye nukta nyingi ni bora daima. Jaribu kwa jedwali letu. Kasi ya nukta ya kwanza ikigawanywa kwa urefu wake inatoa 3,808, pungufu ya jibu kwa asilimia 0.7. Fomula ya nukta mbili, yaani mara nne ya kasi ya kwanza ukitoa kasi ya pili, ukigawanya kwa hatua mbili, inatoa 3,980, ambayo imezidi kwa karibu asilimia 4. Fomula rahisi imeshinda kwa sababu shinikizo halibadiliki juu ya bamba hili, na hivyo mchoro wa kasi hauna mpindo wowote (∂²u/∂y²) ukutani. Shinikizo linapobadilika, fomula rahisi hupotoka, lakini tayari unaujua mpindo kutokana na hatua ya saba, basi uutumie: gawanya kasi kwa urefu, kisha toa nusu ya urefu ukizidishwa kwa mpindo huo. Katika sehemu yetu ambamo shinikizo linapanda, mpindo ni 19.6 kugawanya kwa 0.000015, na kwa nukta iliyo milimita 0.5 juu ya ukuta kiasi cha kutoa ni kama 327 kwa sekunde. Asiyekitoa atadhani tabaka lake liko salama kuliko lilivyo.

Hatua ya tisa: mkondo unapovurugika

Endelea hadi mita 2 juu ya bamba lilelile, bila badiliko la shinikizo. Namba ya Reynolds ni milioni 1.33, na tabaka sasa ni la vurugu. Kwa kanuni ya makadirio inayotumika sana, kizidishi cha msuguano (mkazo wa ukutani ukigawanywa kwa nusu ya densiti mara U²) ni 0.0592 kikigawanywa kwa namba ya Reynolds iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.2, nacho kinatoka 0.0035. Mkazo wa ukutani ni paskali 0.21, kasi ya msuguano, yaani kipeuo cha pili cha mkazo uliogawanywa kwa densiti, ni mita 0.42 kwa sekunde, na rula mpya ya karibu na ukuta, ν ikigawanywa kwa kasi hiyo, ni milimita 0.036. Votisiti ya wastani ya ukutani ni kama 11,750 kwa sekunde, mara sita ya ile ambayo tabaka tulivu lingekuwa nayo mahali hapohapo.

Jumla ya kwanza bado ni 10, lakini ugawaji wake umebadilika kabisa. Tabaka lote lina unene wa milimita 44 hivi. Kufikia rula 30 kutoka ukutani, ambazo ni milimita moja na kidogo, kasi ya wastani tayari ni mita 5.6 kwa sekunde. Zaidi ya nusu ya votisiti yote ya wastani imo katika milimita hiyo moja. Ndani yake, votisiti haikai kama shuka lililotandikwa. Inanyanyuka, inavutwa na mkondo, inarefuka na kukaza kama kamba inayosokotwa. Mwaka 1952 Theodore Theodorsen alipendekeza kwamba mikunjo hiyo ina umbo la pini ya nywele, na mwaka 1967 kundi la Stephen Kline huko Stanford lilionyesha kwa picha michirizi ya maji ya polepole iliyojipanga ukutani, ikiachana kwa wastani wa rula 100. Kwa mfano wetu hizo ni milimita 3.6.

Kwa anayetumia programu, matokeo ya hayo yote yanahusu gridi, yaani mtandao wa nukta ambamo programu hukokotoa kasi. Ikiwa unataka votisiti ya ukutani itoke katika kasi za gridi, nukta ya kwanza iwe kwenye rula moja kutoka ukutani, hapa milimita 0.036, na kila hatua inayofuata isizidi iliyotangulia kwa zaidi ya asilimia 20 hivi. Ikiwa nukta yako ya kwanza iko kwenye rula 30 na programu inatumia kanuni ya ukutani kuziba pengo, usiigawanye kasi kwa urefu: 5.6 kwa milimita 1.07 inatoa kama 5,230, chini ya nusu ya thamani halisi. Chukua mkazo wa ukutani uliotolewa na programu, uugawanye kwa mnato, na hiyo ndiyo votisiti ya ukutani utakayoiandika katika ripoti.